Gladys Nyangate na Umeme wa Ukingoni

Gladys Nyangate ni binti wa Nyasani, yule aliyepanda miche mia nne ya chai kwenye mteremko wa Gesima kwa jembe lililokuwa limelika nusu. Nyasani ni mwana wa Bochaberi, mkunga aliyezalisha akina mama wa kilima kile kwa miaka thelathini na asimzike hata mmoja. Bochaberi naye alikuwa binti wa mzee aliyevuka mto Gucha na ng'ombe kumi na mmoja akikimbia ugonjwa wa mifugo, akarudi na kumi na wawili. Hao ndio waliomtangulia. Matendo ya Gladys mwenyewe nitayaandika mimi, mama mkwe wake, kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu huku Sironga watu wameanza kuyasimulia vibaya. Wapo wanaosema aligombana na baba mkwe wake mbele ya watu. Hakugombana. Nitaeleza.

Aliolewa na mwanangu Masese mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Alikuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, na wifi zake wakacheka: "Huyu amekuja kutupikia karatasi?" Alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari ya wasichana. Nilimwangalia wiki mbili bila kusema kitu, kama inavyopasa. Niliona anachuma chai kwa mikono miwili, majani mawili na kichipukizi, wala hachanganyi na majani magumu ili kapu lijae upesi. Niliona pia kwamba hawezi kuvumilia jambo lisilo la kweli. Stima ilipoletwa kwetu, fundi alifunga waya nyumba nzima, halafu taa ya jikoni ikakataa kuwaka. Akatuambia umeme wa Sironga ni mwembamba. Gladys aliweka sufuria chini, akachukua bisibisi ya kupimia stima, akapanda kiti.

"Bwana fundi, umeme haujawa mwembamba. Umesahau kufunga huu waya mweusi."

"Madam, mimi nimefanya kazi hii miaka kumi."

"Basi umesahau waya miaka kumi."

Taa ikawaka. Fundi alikunywa chai yetu huku amenuna. Nikajisemea moyoni, huyu ni wetu.

Sasa kuna jambo moja ambalo nilimfundisha mimi mwenyewe, na ni lazima niliseme kabla ya mengine. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya kizazi na kizazi, hasa kati ya mke wa mwana na baba mkwe wake. Hampi mkono. Haketi kwenye kiti chake. Hamtazami machoni, na kumbishia ndiyo kabisa, hambishii. Wakikutana njiani kila mmoja hushika upande wake, wanapishana, kila mmoja anakwenda zake. Tena baba mkwe si mtu mmoja. Mume wangu Ishmael alikuwa ameshafariki Gladys alipokuja, lakini ndugu zake wote, hata wana wa baba zake wadogo, kwa Gladys kila mmoja wao ni tata, yaani baba. Vijana wanasema mambo hayo yamepitwa. Nyumbani kwangu hayajapitwa. Nilimfundisha Gladys, naye akayashika kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Baada ya miaka saba ya kufundisha, aliingia chuo kikuu hapa Kisii mjini kutafuta shahada ya udaktari wa fizikia. Alichokisomea nitakieleza kama alivyonieleza jikoni, tukichambua mboga za chinsaga. Nilikuwa nimemwambia sitaki kuulizwa kanisani mkaza mwanangu anasoma nini nikabaki kutikisa kichwa.

Alichukua vipande viwili vya mkate, akapaka siagi katikati.

"Mama, mkate wa juu na wa chini ni madini yaliyochanganywa: zebaki, kadimiamu na teluriamu. Siagi ni zebaki na teluriamu peke yake. Elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, zikiingia kwenye siagi hazipandi juu wala hazishuki chini. Zimetumbukia. Ndiyo maana tunakiita kisima."

"Kisima chenye kina gani?"

"Chukua unywele wako mmoja, uupasue vipande elfu kumi. Kimoja ndicho unene wa siagi."

"Nywele zangu ziache. Zimebaki za kuhesabu."

Alicheka mpaka chinsaga ikamwagika. Halafu akaendelea. Siagi ikiwa nyembamba kuliko kipimo fulani, kitu chote ni kama ubao: umeme haupiti katikati wala pembeni. Lakini ikizidi kipimo hicho kidogo tu, mpangilio wa ndani unapinduka, aliyekuwa juu anakuwa chini. Katikati panabaki pamefungwa, ila ukingoni, kuzunguka kipande chote, njia inafunguka.

"Kama wachumaji waliokatazwa kukanyaga katikati ya shamba," nikasema. "Wanazunguka pembeni."

"Hivyo hivyo. Na njia hiyo ya ukingoni ina pande mbili. Kila elektroni inajizungusha kama pia ya watoto. Zinazojizungusha hivi zinakwenda kulia, zinazojizungusha vile zinakwenda kushoto. Zinapishana pale pale, hazigongani."

"Na zikikuta jiwe?"

"Zinalipita kando na kuendelea. Kurudi nyuma haziwezi. Ili elektroni irudi, ni lazima kwanza igeuze inavyojizungusha, na jiwe la kawaida halina uwezo wa kuigeuza."

Niliupenda umeme huo. Nimeona wa aina nyingi, ule wa radi uliopiga ng'ombe wetu wawili mwaka wa sabini na nane na huu wa nguzo unaopotea kila mvua ikinyesha. Huu wa Gladys ulikuwa wa kwanza kusikia kwamba una adabu.

Vipande vyenyewe havitengenezwi kwetu. Alikwenda Ujerumani miezi minne, ambako hutengenezwa na kupimwa kwenye chombo chenye baridi isiyo ya dunia hii, karibu nyuzi mia mbili na sabini na tatu chini ya sifuri, pale ambapo baridi yenyewe hufika mwisho wake. Nilimfungia unga wa wimbi kilo sita. Aliniambia mwenzake mmoja alichungulia sufuria akamuuliza kama anakoroga saruji ya kuziba ukuta. Alimpa tonge, na jamaa akawa anakuja kila jioni.

Alirudi na namba zake, akaziandika mwaka mzima, na Machi ya mwaka jana akaitwa kuitetea tasnifu mbele ya watahini.

Msimamizi wake alikuwa Profesa Zilpa Ouko, mama wa kutoka upande wa ziwa, ambaye kicheko chake hufika mlangoni kabla yake. Watahini walikuwa wanne. Mmoja aliugua wiki ya mwisho, na mahali pake pakawekwa Daktari Anyona wa Marani. Huyo Anyona ni mwana wa baba mdogo wa mume wangu. Yeye hapimi, fizikia yake ni ya kalamu na karatasi. Kwenye faili aliona jina Gladys Nyangate, la kwao Gesima, na hakujua ni nani. Fomu ya chuo huuliza kama mtahini ni mzazi, mume au ndugu wa mwanafunzi. Haiulizi kama ni tata.

Gladys alipoingia na kumwona, alikuwa ameshafika mbele. Alisoma karatasi zake vizuri hadi mwisho. Kisha Anyona akauliza swali lake.

"Namba zako ni nzuri. Lakini tutajuaje umeme ulipita ukingoni? Kipande kibovu kinachovuja katikati kinaweza kutoa namba inayofanana na hizi. Mimi nasema huu ulipita katikati."

Gladys alikuwa na jibu. Lilikuwa ukurasa wa tisini na moja. Alitazama viatu vyake, akasema, "Ndiyo, tata."

Basi. Kamati iliandika kwamba mwanafunzi mwenyewe amekubali jambo halijathibitishwa. Akapewa miezi mitatu na nafasi moja ya mwisho. Akishindwa mara ya pili, kazi ya miaka sita imekwisha, na itabaki kwenye karatasi za chuo kwamba Gladys Nyangate alipima uvujaji akauita ugunduzi.

Profesa Zilpa alikuja kwetu jioni ile ile, hata hakuvua koti.

"Mama Masese, niambie, nani amemla ulimi huyu mtoto? Jibu analo! Nimelisoma kwa macho yangu!"

Masese alitazama dari. Gladys alikuwa jikoni, anajifanya anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

"Ni mimi," nikasema, na nikamweleza.

Profesa aliketi. "Kwetu pia wakwe wanaogopana, mama. Mimi mwenyewe sijawahi kula mbele ya mkwe wangu. Lakini hatuogopani ndani ya tasnifu!"

"Si aombe mtahini mwingine?" Masese akauliza.

"Aombe, halafu waseme aliulizwa swali akalikimbia?"

Gladys akatoka jikoni, mikono ina povu. Hakulia, huyu si wa kulia. Alisimama mbele yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni wewe uliyenifundisha. Sasa unaniambia niache?"

Nimeishi miaka sabini na minne na nimejibu maswali ya wachungaji na machifu. Hilo sikulijibu. Nikimwambia acha, nimebomoa nilichokijenga, na kesho mwingine atasema kwa Mama Masese mambo huachwa yakiwa mazito. Nikimwambia shika, nimemfunga mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili nilivaa gauni langu la buluu nikaenda Marani kwa Anyona. Yeye ni shemeji yangu, na mimi nina ruhusa ya kumsema nitakavyo. Alinipokea vizuri, mkewe akaleta ndizi za kupika na maziwa mala.

"Mama Masese, umekuja kuniomba nimpitishe?"

"Nikuombe wewe? Wewe niliyekufunga vifungo vya shati siku ya kwanza ya shule, ukilia unataka kurudi kwa mama? Nimekuja kujua kitu kimoja. Swali lako lilikuwa la kweli, au ulikuwa unajionyesha?"

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "La kweli. Mtu yeyote wa nje atauliza hilo hilo. Akilijibu nitakuwa wa kwanza kutia sahihi. Asipolijibu, hata angekuwa mke wa mwanangu wa kumzaa, siwezi."

"Jibu analo."

"Basi alitoe."

"Atalitoa vipi na wewe umemkalia mbele kama lango la zizi?"

Anyona alilelewa nyumba moja na mume wangu, na yeye pia ana haya yake. "Shemeji, usidhani ni yeye tu," akasema. "Mimi mwenyewe siku ile sikujua pa kuweka macho. Swali lote nililiuliza nikitazama saa ya ukutani."

Tukakaa tukafikiri, tukala ndizi. Mwishowe yeye ndiye aliyepata njia. Angegeuza kiti chake kielekee dirishani. Gladys angeongea na ubao, na yeye angeongea na dirisha. Maswali yake angeyapitisha kwa Profesa Zilpa, kama wakwe wanavyopitishiana maneno kwa mtu wa tatu. Niliona ni shauri la busara. Nilirudi Sironga nikiwa nimenyoosha mgongo. Gladys aliposikia alishusha pumzi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, akarudi kwenye ukurasa wake wa tisini na moja.

Juni ikafika. Waliruhusu watu wa familia, nami nikaketi safu ya tatu na Masese, na kalamu na karatasi mkobani, kwa sababu sipendi kusikia namba bila kuziandika. Watahini waliingia. Anyona alinyanyua kiti chake, akakigeuza, akaketi ubavu kwa watu na uso dirishani.

Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja wa kemia, wa kutoka chuo cha mbali. Alimtazama. "Daktari, shingo ni nzima?"

"Nzima kabisa. Huku kuna mwanga mzuri."

Gladys aliongea na ubao nusu saa, na aliongea kama mtu anayechuma shamba lake mwenyewe. Nilianza kustarehe. Kisha zamu ya Anyona ikafika.

"Profesa Zilpa," akaliambia dirisha, "hebu mwulize mwanafunzi…"

"Hapana," mwenyekiti akamkata. "Msimamizi hasemi kitu mpaka mtihani uishe, hiyo ni kanuni. Muulize mwanafunzi mwenyewe, na mwanafunzi akujibu wewe. Tusiletewe barua."

Profesa Zilpa alifungua mdomo, akaufunga. Mimi na Anyona, na mvi zetu zote, hatukuwa tumefikiria kwamba chuo nacho kina chinsoni yake.

Anyona alikohoa. "Basi nasema nilichosema Machi," akasema, bado anatazama nje. "Umeme huu ulipita katikati."

Nilishika goti la Masese. Nilitaka kusimama niseme, mwanangu, nimekufungulia, jibu. Lakini ndani ya chumba kile mimi sikuwa na kiti cha kusemea. Gladys aliweka kalamu ya ubao mezani. Aliinamisha kichwa, nami nikajua anatazama viatu vyake tena. Nilihesabu pumzi zangu, zikafika saba.

"Hapana, tata," akasema. "Haukupita katikati."

Hakupaza sauti. Nasema hivyo kwa sababu ya wale wanaosimulia kwamba alipaza. Alisema kama mtu anayesema mvua imeacha kunyesha. Kisha akachukua kalamu, akachora kipande chake kwenye ubao, na miguu minne ambako waya hufungwa.

"Niliingizia umeme mguu wa kwanza, nikautolea mguu wa nne ulio jirani yake. Halafu nikaenda kupima upande wa mbali kabisa, kati ya mguu wa pili na wa tatu, ambako umeme haukuwa umetumwa. Ungekuwa unakatiza katikati, ungetoka wa kwanza ukaingia wa nne moja kwa moja. Kule mbali ningepata karibu na sifuri. Nilipata ohmu elfu sita na mia nne."

"Hesabu inataka ngapi?" kikauliza kile kiti cha dirishani.

"Elfu sita, mia nne hamsini na tatu."

"Inatoka wapi?"

"Ukingoni kuna njia mbili za kutoka mguu wa kwanza hadi wa nne. Moja ni fupi, ina sehemu moja. Nyingine inazunguka kupitia wa pili na wa tatu, ina sehemu tatu. Kila sehemu ina ukinzani ule ule, ohmu elfu ishirini na tano, mia nane na kumi na mbili. Kwa hiyo umeme unagawanyika mara nne: sehemu tatu zinapita njia fupi, moja inazunguka. Mtu akisimama kule mbali ataona robo."

Nilikuwa na kalamu yangu. Elfu ishirini na tano, mia nane na kumi na mbili, gawa kwa nne. Nilipata elfu sita, mia nne hamsini na tatu, bila baki. Nikamsukumia Masese karatasi aone.

Niliona kidole cha Anyona kinaandika juu ya goti, na yeye anagawanya. Kisha akauliza, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu.

"Sawa, zinazunguka. Lakini kila kipande kina uchafu ndani. Kwa nini zile zinazozunguka hazigongi uchafu zikarudi?"

Nikaona pembe ya mdomo wa Gladys inacheza, nikajua kuna kitu kinakuja.

"Tata, nikikutana nawe kwenye njia ya kwenda mtoni, itakuwaje?"

Mtu mmoja safu ya mbele aligeuka kuangalia kama amesikia vizuri.

"Utashika upande wako," Anyona akasema polepole.

"Na wewe?"

"Nitashika wangu."

"Kukiwa na jiwe upande wangu?"

"Utalipita kando, uendelee."

"Au nitageuka, tufuatane bega kwa bega, mimi na wewe, mpaka nyumbani?"

"Haiwezekani!" Anyona akaruka na kiti chake, kiti kikageuka chote, na bila kujua akawa anamtazama Gladys na ubao wake. "Haiwezekani hata kidogo!"

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu wewe ni mke wa mwana wetu!"

"Ndiyo hivyo, tata. Ili nigeuke ingebidi kwanza niache kuwa mke wa mwana wenu. Jiwe haliwezi kunifanyia hivyo. Ndivyo ilivyo elektroni ya ukingoni. Uchafu wa kawaida hauwezi kuifanya iwe kitu kingine, na bila kuwa kitu kingine haiwezi kurudi."

Nusu ya chumba ni Abagusii. Kicheko kilichopasuka hapo kilifika barabarani. Mwenyekiti aliangalia huku na huku, akasema, "Kuna mtu wa kunieleza?" Profesa Zilpa, aliyekuwa amekatazwa kusema, alimweleza kwa dakika tano bila kupumua. Naye mwenyekiti alipoelewa alivua miwani akafuta macho.

Anyona hakukirudisha kiti dirishani. Yeye na Gladys waliinamisha macho, kila mmoja kwenye karatasi zake, wakaendelea hivyo, wanaulizana na kujibizana kupitia zile karatasi, na halikuharibika neno.

"Umeandika pia kuhusu kipande kirefu," Anyona akasema mwishoni. "Kirefu mara ishirini. Kwenye hicho namba zako hazikubali."

"Hazikubali, tata. Ukinzani unapanda. Kuna zinazorudishwa humo njiani."

"Na nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Wapo wanaosema kando ya njia kuna madimbwi madogo ya elektroni zilizotuama. Inayopita ikiingia humo inasongamana na nyingine, inatoka imegeuzwa. Sijaweza kuthibitisha, kwa hiyo nimeandika sijui."

"Vizuri," akasema. "Ungeandika unajua, tungeanza upya."

Walitutoa nje kama robo saa. Walipotuita, mwenyekiti alisoma kwamba tasnifu imekubaliwa, na marekebisho madogo ya uandishi. Sahihi ya juu kabisa ilikuwa ya Anyona. Wifi zake, wale wale wa karatasi za kupika, walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna harusi.

Baadaye tulikula mandazi na soda uani. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nimevua viatu, nina furaha tele, nikiwatazama watu wakimwita Gladys "daktari" ili waone anavyoitika. Anyona alikuwa peke yake kwenye meza ya mwisho, anakunywa soda yake kwa heshima. Nikamwona Gladys anakwenda kule. Alisimama hatua tatu kutoka mezani. Alitoa bahasha kubwa ya kahawia, akaiweka juu ya meza, kwa kuwa hampi kitu mkononi, akarudi nyuma hatua moja.

"Tata, humo ndani kuna namba zote za kipande kirefu. Mimi ni mtu wa kupima. Wewe ni mtu wa kalamu."

"Naam."

"Nataka unihesabie yale madimbwi. Yakae umbali gani, moja hadi jingine, ndipo ukinzani upande kama ulivyonipandia. Mwezi wa tisa ninakwenda kupima tena, na ni lazima nijue nikate kipande urefu gani."

Anyona alitazama bahasha, akanitazama mimi kule kwenye benchi. Mimi nikatazama soda yangu.

"Mwezi wa tisa ni karibu," akasema.

"Ndiyo maana ninakupa leo."

Aliichukua bahasha, akaipima uzito kwa kiganja, akaiweka chini ya kwapa.

"Na usiandike kwa penseli, tata," Gladys akaongeza, macho chini. "Masahihisho yako ya Machi nilishindwa kuyasoma."